Mume na Mke Kwenda Kupumzika: Ni Anasa au Ni Haki?

Jumapili moja baada ya Misa nilikuwa nimesimama nje ya kanisa hapa Kolwezi, nikasikia watu wakicheka. Walimcheka baba mmoja, mfanyakazi wa mgodi, mwenye watoto watano, aliyefunga ndoa kanisani yapata miaka ishirini iliyopita. Je, alikosa nini? Hakuiba, hakulewa, wala hakumpiga mtu. Alikuwa amechukua siku mbili za likizo yake, akawaacha watoto kwa mama mkwe, akaenda na mkewe Nzilo, penye ziwa. Wakalala huko usiku mmoja, wakala bukari na samaki, wakanywa chupa moja ya divai, wakarudi. Ni hayo tu.

Mmoja akasema, "Huyu ametawaliwa na mke." Mwingine akajibu, "Si bure, amelishwa dawa." Wa tatu, aliye wa ukoo wake, hakucheka, alikuwa na uchungu. Akasema, "Mdogo wetu yuko Lubumbashi, hajamaliza kulipa falanga za masomo, naye yaya anazila ziwani na mke wake."

Maneno hayo niliyachukua nyumbani, nikayafikiri. Maana katika mji huu huu twawajua wanaume wanaokwenda ziwani mara kwa mara na mwanamke asiye mke wao, yule ambaye kwa mzaha watu humwita "deuxième bureau", ndiyo kusema ofisi ya pili. Hao hawachekwi. Watu husema tu, "Ni mwanaume." Kumbe anayechekwa ni yule aliyekwenda na mke wake mwenyewe! Basi tujiulize bila haraka: mume na mke wakitenga siku zao wawili, mbali na watoto na ukoo, wakatumia na fedha kidogo, je, wafanya anasa, au watumia haki yao?

Mahali penyewe

Wengi wetu twapajua Nzilo. Ni kaskazini ya Kolwezi, pale mto Lualaba ulipozuiwa kwa ukuta mkubwa. Ziwa lile si la tangu kuumbwa kwa dunia. Kampani ya Union Minière ilijenga ukuta huo katika miaka ya 1950, ikauita kwa jina la Delcommune, Mbelgiji aliyeipeleleza Katanga zamani. Leo twasema Nzilo. Maji yake huzungusha mashine za umeme zenye nguvu ya megawati 108, na umeme huo ulikusudiwa hasa kwa kazi ya shaba. Lakini watu wanaokwenda kupumzika huko hawaendi kwa ajili ya shaba. Wafuata upepo, maji mapana na ukimya, mambo ambayo hayapatikani katika mji wa malori na vumbi.

Watu wa nchi nyingine nao wana mahali pao. Afrika ya Kusini, mume na mke huenda Stellenbosch, katikati ya mashamba ya mizabibu, maana divai imekamuliwa kule Rasi tangu mwaka 1659. Tanzania wana Dodoma, ambako mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki, na ambako mkulima huipogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hapana baridi kali ya kuilaza. Sisi wa Lualaba hatuna sifa ya mizabibu. Divai yetu hutoka mbali, na wengi wetu tumezoea munkoyo na bia. Lakini swali ni lile lile, iwe Stellenbosch, iwe Dodoma, iwe Nzilo: je, yafaa?

Mashitaka matatu

Wale walionena nje ya kanisa si wapumbavu. Tuyasikilize mashitaka yao kwa haki.

Shitaka la kwanza ni la desturi. Ndoa kwetu si ya watu wawili tu. Ni ya koo mbili. Wanaume huketi na wanaume, wanawake na wanawake, na heshima ya nyumba hulindwa hivyo. Mume anayetembea bega kwa bega na mkewe, tena kwa ajili ya furaha tu, aonekana kuwa anawaiga Wazungu.

Shitaka la pili ni la fedha. Katika ukoo hakukosi mgonjwa, hakukosi matanga, hakukosi mwanafunzi. Mwenye mshahara ni kama kisima cha kijiji. Akijifungia, wengine watakunywa nini?

Shitaka la tatu ni la hatari. Mahali pa starehe ni mahali pa ulevi na uzinzi. Mkristo atafuta nini huko?

Mashitaka haya yana uzito. Tusiyajibu kwa kucheka, kama wao walivyocheka.

Maandiko yasemaje?

Anayedhani kwamba kumpeleka mke penye mizabibu ni mambo ya Wazungu, na afungue Biblia yake katika Wimbo Ulio Bora, sura ya saba. Huko bibi arusi ndiye anayemwalika mpenzi wake watoke waende mashambani, walale vijijini, waamke mapema kuitazama mizabibu kama imechipua. Wala Kanisa halikukitupa kitabu hicho. Lakisoma kuwa mfano wa upendo wa Mungu kwa watu wake. Kama furaha ya mume na mke ingekuwa jambo la aibu, Kanisa lingewezaje kuifanya mfano wa Mungu?

Tena soma Kumbukumbu la Torati. Katika sura ya 20, kabla ya vita, wakuu wa jeshi waliamriwa kuwauliza askari: Ni nani aliyejenga nyumba mpya asiizindue bado? Ni nani aliyepanda shamba la mizabibu asile matunda yake? Ni nani aliyeposa mke asimwoe? Watu hao walirudishwa nyumbani. Na katika sura ya 24 imeandikwa kwamba mtu aliyeoa karibuni asiende vitani wala asitwikwe kazi yo yote ya taifa kwa mwaka mzima, apate kumfurahisha mke wake. Tazama sana neno hilo. Sheria haikusema abaki ili alime, wala ili azae tu. Yasema amfurahishe mkewe. Na vita ni haja ya taifa zima! Ikiwa jeshi zima liliamriwa kumngoja mtu mmoja na mkewe, je, ukoo hauwezi kungoja siku mbili?

Huko Kana ya Galilaya, divai ilipokwisha, Bwana Yezu hakusema fedha ya arusi ingefaa zaidi kwa maskini. Aliijaza mitungi sita ya mawe, na kila mmoja ulichukua vipimo viwili au vitatu. Kwa hiyo divai si adui. Lakini Mtakatifu Paulo awaonya Waefeso juu ya kulewa, na hapo shitaka la tatu lina haki yake. Chupa moja ya watu wawili mezani ni furaha. Makreti yanayomwangusha baba mbele ya mkewe ni msiba. Yule baba alikwenda na mke wake, akanywa kwa kiasi, akarudi na akili zake. Ikiwa ziwani pana dhambi, je, haikupungua siku ile mume alipokwenda na mkewe wa halali?

Mafundisho yaliyotoka kwetu

Na juu ya desturi, nataka kuwakumbusha jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1953 alitumwa Kolwezi padri mmoja Mfransisko, Mbelgiji, jina lake Placide Tempels. Alikuwa amefika Kongo mwaka 1933, na kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotoka mwaka 1945, kimesomwa duniani kote. Hapa kwetu, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao, alianza kukutana na watu, mume pamoja na mke. Hapo ndipo ilipozaliwa Jamaa, ambayo ilienea Katanga na kuvuka mipaka yake. Maneno yake makubwa yalikuwa matatu, nayo ni ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo.

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, akafa mwaka 1977. Baadaye yalitokea makosa katika vikundi vingine, na maaskofu hawakukosa kuonya. Lakini jambo la msingi halikuwa kosa: ya kuwa mume na mke wapaswa kukutana kweli, moyo kwa moyo, si kukutana kitandani na mezani tu. Basi asituambie mtu kwamba mume kuzungumza na mkewe ni kuiga Ulaya. Mafundisho hayo yalikua katika kambi za migodi za hapa hapa, kwa lugha yetu, kwa wazee wetu waliorudi toka kazini na vumbi la shaba miguuni. Ni kweli ndoa ni ya koo mbili. Lakini koo mbili hazikusimama mbele ya altare kutoa ahadi. Walisimama watu wawili.

Kazi ilivyoihesabu ndoa

Katika nchi yetu ya shaba, ndoa imehesabiwa mara nyingi kwa faida ya kazi. Mwanzoni Union Minière iliajiri wanaume waliokuja peke yao, wakachoka, wakaugua, wakarudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampani ikageuza siasa yake: ikawataka wafanyakazi waje na wake zao, ikawapa nyumba na posho, na baadaye shule za watoto kwa msaada wa wamisionari. Mema mengi yalitoka humo. Hata hivyo tusijidanganye: kampani iliona kwamba mwenye mke hatoroki, na kwamba mtoto wa mfanyakazi atakuwa mfanyakazi kesho. Mke alihesabiwa pamoja na vyombo vya kazi.

Gécamines ilirithi mambo hayo tangu mwaka 1967. Ikadhoofika katika miaka ya 1990, mishahara ikachelewa, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Siku ile mabwana wengi walirudi nyumbani mchana, wakaketi na wake zao, wakagundua ya kuwa hawajuani. Walikuwa wameishi miaka thelathini kama wapangaji wa nyumba moja. Kazi ilipokwisha, na ndoa ikaonekana tupu.

Leo kampani ni nyingine, na zamu ni nyingine. Wako wanaolala kambini mgodini juma baada ya juma. Wako wachimbaji wa mikono wasiojua Jumapili. Na mama je? Mama hana zamu, kwa maana hana mapumziko kabisa. Auza sokoni mchana, apika jioni, auguza usiku. Hata siku ya Noeli, sisi tukila, yeye yuko penye moto. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba mfanyakazi apewe muda wa kupumzika na kuishi na jamaa yake. Haukusema mwanamume peke yake.

Yaliyotokea ziwani

Baada ya siku chache nilikwenda kumwona yule baba. Akaniruhusu kuyaandika haya bila kutaja jina lake.

Akaniambia, "Kwa miaka minne nafanya kazi ya usiku. Mke wangu aondoka sokoni alfajiri. Twakutana mlangoni, kama walinzi wawili wa nyumba moja: huyu aingia, yule atoka. Tulipofika Nzilo, jioni ya kwanza tulikosa la kusema. Tulizungumza bei ya unga, na viatu vya watoto, kisha tukanyamaza. Niliona aibu. Kesho yake asubuhi tuliketi kuwatazama wavuvi. Ndipo mke wangu aliponitajia mtoto wetu wa kwanza."

Mtoto huyo alikufa siku ile ile aliyozaliwa, miaka kumi na minane iliyopita. Baba alikuwa kazini, hakupewa ruhusa, wanawake wakamzika mtoto. Aliporudi jioni, hakujua aseme nini, akanyamaza. Na tangu siku ile hawakumtaja tena.

"Nilidhani amesahau," akaniambia. "Kumbe alikuwa akiningoja."

Msomaji mpenzi, mimi sikuwa na la kuongeza. Miaka kumi na minane mama yule alibeba kaburi peke yake, akazaa wengine watano, akapika, akauza, akasali. Hakuna siku hata moja iliyokuwa na saa ya bure ya kumwambia mumewe, "Wakumbuka?" Saa hiyo ilipatikana Nzilo, kwa bei ya chumba cha usiku mmoja.

Na falanga za mdogo wake?

Nilimwuliza pia juu ya mdogo wake, maana shitaka hilo ndilo zito kuliko yote. Hakujificha. Alikuwa amelipa nusu, na nusu nyingine aliahidi mwisho wa mwezi. Kijana hakuwa amefukuzwa. "Lakini usingizi wangu haukuwa mtulivu," akasema. "Je, nimetenda dhambi?"

Yafaa tupambanue. Kama kijana angekuwa amefungiwa mlango wa mtihani juma lile, au kama nyumbani kungekuwa na mtoto mwenye homa asiye na dawa, ningemwambia: Nzilo itangoja. Uhai na haja isiyoahirishwika hutangulia. Bwana Yezu mwenyewe, mitume walipochoka, aliwaita waende mahali pa faragha wapumzike kidogo, nao wakaenda kwa chombo, wakavuka maji. Lakini walipofika, umati ulikuwa umewatangulia, naye akawahurumia, akawafundisha, akawalisha. Mapumziko yalikatwa kwa sababu ya njaa ya watu. Hata hivyo tusisahau kwamba aliyewaita kupumzika ni yeye, wala hakuwangoja watu wote kwanza washibe.

Maana haja za ukoo hazina mwisho. Ukilipa masomo ya huyu, atazaliwa mwingine. Akipona mgonjwa, kutakuwa na matanga. Mwenye kusema, "Nitampumzisha mke wangu haja za ndugu zikiisha," atampumzisha kaburini. Kule Bethania, mwanamke alipommwagia Bwana marhamu ya thamani, palikuwako mtu aliyesema ingeuzwa dinari mia tatu wapewe maskini. Maneno yalikuwa mazuri, lakini Bwana hakuyakubali. Alijua kwamba upendo nao una saa yake, na saa hiyo ikipita hairudi.

Tena Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aziita haki za mume na mke kuwa ni deni la kulipana. Basi mke naye ni mdai. Hatupigi kelele mlangoni kama wadai wengine, ndiyo sababu twamlipa wa mwisho, au hatumlipi kabisa. Mdogo mtu alingoja mpaka mwisho wa mwezi. Mke alikuwa amengoja miaka kumi na minane. Nikamwambia yule baba, "Timiza ahadi yako kwa mdogo wako siku ile uliyoitaja. Ukifanya hivyo, hukutenda dhambi. Ulilipa deni la zamani kuliko lile."

Alitimiza.

Anasa yajulikanaje?

Ili tusijidanganye, tushike alama tatu.

Kwanza, anasa hutaka macho ya watu. Wako wanaokwenda ziwani si kuonana wao wawili, bali kuonekana: picha mia kwenye simu, na neno hata moja halikusemwa kati yao. Mapumziko ya kweli hayahitaji shahidi.

Pili, anasa hulipwa na mwingine. Ukikopa usichoweza kulipa, au ukitumia falanga ya posho ya watoto, humpumzishi mkeo, wamwekea mzigo wa kesho. Tumia kilicho chako, tena kwa kipimo chako.

Tatu, tazama unaporudi. Anasa humrudisha mtu mgumu, mwenye hasira na watoto na jirani. Mapumziko humrudisha mpole. Maji ya Nzilo yaonekana kama yamelala, lakini kwa kuwa yamekusanyika ndiyo yanayowasha taa za watu wasioliona ziwa lenyewe. Watoto wa nyumba ile hawakwenda Nzilo. Lakini nimeambiwa kwamba sasa baba na mama huzungumza mezani, na watoto husikiliza.

Na asiye na fedha ya chumba wala ya divai? Mungu hakuiweka furaha ya ndoa katika chupa. Jumapili baada ya Misa, mwombeni nyanya au jirani awatunze watoto kwa saa mbili. Zimeni simu. Tembeeni mpaka mtoni, au ketini chini ya mwembe na kibuyu cha munkoyo. Mume aulize, "Mama, ni jambo gani hujaniambia?" Kisha anyamaze, asijibu upesi.

Kwa hiyo, ukimwona kesho mtu akipita njiani na mkewe wamevaa vizuri, wamebeba kikapu, wanakwenda ziwani, usimcheke. Yawezekana anakwenda kulipa deni la miaka mingi. Bali rudi nyumbani, umtazame mama wa watoto wako anavyopepeta unga, ukahesabu kwa unyofu: ni tangu mwaka gani hamjaketi wawili? Na kama hesabu inakuogopesha, usingoje likizo. Anza jioni hii.